TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: FOMU YA MKOPO HAIUZWI, NA MKOPO SI MALI YA CHAMA

Jumatatu, 20 Januari 2025
Kwa: Wanachama wote wa tawi
Kutoka: Katibu wa Tawi

Ndugu wanachama,

Taarifa hii ni ndefu. Naomba isomwe yote kabla ya kujibiwa. Mwenye jirani anayetumia kitochi amsomee, kwa sababu wengi wa waliotozwa hela hawana simu za kupokea ujumbe huu.

Alhamisi iliyopita, tarehe 16, ujumbe ulizunguka humu mtaani. Haukuwa na jina la mwandishi, lakini ulianza kwa salamu ya chama na ukataja ofisi ya tawi letu kuwa ndipo mahali pa kupeleka hela. Ulisema fedha za halmashauri zimerudi. Kila mwanachama anayetaka mkopo alete shilingi 10,000 na nakala ya kitambulisho cha NIDA, "atapangwa" kwenye kikundi. Na wenye kadi zilizolipiwa watatangulizwa.

Hadi jana jioni nilikuwa nimehesabu watu 23 waliolipa. Hiyo ni shilingi 230,000. Haikuingia kwenye daftari la mapato la tawi na haikukatiwa risiti, na kitabu cha risiti ninakitunza mimi. Mwenyekiti nimemweleza kwa heshima zote, na nikamwambia kwamba jambo lililotangazwa hadharani haliwezi kusahihishwa kwa kunong'ona.

Basi nasema: ujumbe ule ni wa uongo. Tawi halitoi mikopo, halipangi vikundi na haliuzi fomu. Aliyechukua hela ya mtu kwa ahadi hiyo ametapeli, hata kama alivaa sare ya chama.

*1. HELA HIZI NI ZA NANI*

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu.

Mapato ya ndani yanatoka wapi? Yanatoka kwenye ushuru wa soko, leseni za biashara, kodi za vibanda na maegesho. Mama anayeshusha tenga la nyanya za Mgeta pale soko la Chifu Kingalu analipa ushuru kabla hajauza hata fungu moja. Siku anayolipa, mkusanya ushuru hamuulizi kadi ya chama. Anamuuliza hela tu. Sasa hela hiyo hiyo ikirudi kama mkopo, sisi tunapata wapi ujasiri wa kusimama mlangoni na kumuuliza kadi?

Najua wapo watakaosema diwani ni wetu na ilani ni yetu. Sawa. Diwani kuwa wetu kunatupa wajibu wa kuhakikisha hela inafika. Hakutupi haki ya kuigawa. Jirani yako ambaye hajawahi kukanyaga ofisi ya tawi ana haki kwenye mfuko ule sawa na wewe mwenye kadi ya miaka ishirini. Ukimzuia leo, kesho usiende kwake kumwomba kura, maana atakuuliza swali ambalo huna jibu lake.

*2. HAKUNA KITU KINACHOITWA KUPANGWA KIKUNDI*

Mikopo hii haidai hati ya nyumba wala shamba. Dhamana yake ni ninyi kwa ninyi. Mmoja akikimbia, waliobaki wanadaiwa. Ndiyo maana kikundi ni cha watu wanaojuana: mnajua nyumbani kwa kila mmoja, mnajua nani mlevi, nani mgonjwa, nani akishika hela haonekani wiki nzima.

Mtu akikuchukulia elfu kumi na kukupanga na watu wanne usiowajua, amekufunga kamba moja na wageni na kuwatupa wote mtoni. Yeye amebaki ukingoni na elfu hamsini yake.

Tukumbuke pia kilichotokea. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hii nchi nzima, baada ya ripoti za CAG kuonyesha mabilioni ya shilingi hayajarejeshwa na vikundi vingine havionekani vilipo. Mikopo ilirudi katika mwaka wa fedha wa 2024/25. Kwa zaidi ya mwaka mzima, kijana mwaminifu aliyekuwa na kikundi halali na kazi halali alikaa bila kupata shilingi, kwa sababu ya watu waliopangwa vikundi kama hivi mnavyotaka kupangwa sasa. Kikundi hewa hakiibii Serikali peke yake. Kinamwibia aliyefuata kwenye foleni.

*3. YANGU NAYASEMA MWENYEWE*

Ijumaa nilipoanza kuuliza maswali, nilipigiwa simu nikaambiwa kwamba nikiendelea, historia yangu itatolewa. Mficha uchi hazai. Naitoa mwenyewe, ili asibaki mtu wa kunitisha nayo.

Mwaka 2021 nilikuwa mhazini wa kikundi cha wanawake kumi. Kwenye karatasi tulikuwa watengenezaji wa sabuni ya maji na batiki. Andiko la biashara niliandika mimi, na kwa kuwa nina stashahada ya uhasibu lilikuwa zuri sana. Niliandika hata mihtasari ya vikao ambavyo havikukaliwa. Tulipata mkopo wa shilingi milioni 5. Siku hela ilipoingia benki, tulikutana saa nne asubuhi, na hadi saa saba kila mmoja alikuwa ameondoka na laki tano yake. Hatukutengeneza hata lita moja ya sabuni.

Mmoja alilipa ada ya mtoto. Mmoja alimalizia bati. Mmoja alimpa mume wake, na yaliyofuata anayajua yeye. Mimi nilinunua vifaranga, nusu yao wakafa kwa kideri. Si kwamba tulikuwa watu wabaya. Kila mmoja alikuwa na shida ya kweli. Lakini tulisema uongo kwa pamoja, na uongo wa pamoja hauna mtu wa kuulipia.

Watatu tulirejesha laki tano zetu zote, yaani milioni 1.5. Wengine saba wamerejesha laki sita kwa ujumla wao, wakaishia hapo. Kikundi hadi leo kinadaiwa milioni 2.9, na jina langu limo. Nimemaliza sehemu yangu, lakini deni ni la kikundi, kwa hiyo bado mimi ni mdaiwa. Siwezi kuomba tena. Na yule dada katika sisi kumi ambaye kweli alijua kutengeneza sabuni, ambaye tulimtumia kama chambo ili andiko lipite, naye hawezi kuomba.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Palikuwa na biashara moja ya kweli ndani ya kikundi chetu, na tuliiua sisi wenyewe.

Kwa hiyo mtu asiniambie sielewi vikundi vya kupangwa. Naelewa kuliko aliyeandika ujumbe ule. Ndiyo maana napinga.

*4. WALIOPO KWENYE MOTO SASA HIVI*

Sitaki mtu afikiri nawadharau waliolipa elfu kumi. Nawajua mmoja mmoja. Wengi wao wanakimbia kausha damu.

Chukueni mfano wa mama lishe mmoja, simtaji jina. Alikopa 200,000. Anarejesha 9,000 kila siku kwa siku 30. Jumla ni 270,000. Riba ni 70,000 kwa mwezi, yaani asilimia 35. Kikomo kilichowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja lake ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Anatozwa mara kumi. Na kwa kuwa anarejesha kila siku, laki mbili kamili hakukaa nayo hata siku mbili. Ukipiga hesabu ya hela aliyobaki nayo mkononi, riba ya kweli ni kama mara mbili ya hiyo.

Mauzo yake ni kama 45,000 kwa siku. Mchele, mafuta, mkaa, maharage na msaidizi vinakula 36,000. Kinachobaki ni 9,000. Yaani kila anachopata ndicho anachompelekea mkopeshaji. Watoto wanakula kutoka kwenye mtaji. Mwezi ukiisha sufuria imepungua, anakopa tena.

Mtu wa namna hiyo akisikia "mkopo usio na riba", atatoa hata elfu ishirini. Na sisi tunaojiita chama cha wanyonge tunamkaba palepale alipodondokea. Huyo hahitaji kupangwa. Anahitaji mtu wa kukaa naye nusu saa na kumpigia hesabu hii, kisha kumsindikiza ofisi ya kata.

Na wanaokopa kwa programu za simu wajue kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zinazokopesha bila leseni. Kabla ya kubonyeza "kubali", uliza kama mkopeshaji ana leseni.

*5. MSAADA ULIPO, NA HAUPITI KWENYE MFUKO WA MTU*

Kinachouzwa mtaani ni habari tu. Mimi nawapa bure.

(a) *Mkopo wa asilimia 10.* Nenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Wanawake na vijana wanakwenda kama kikundi cha watu watano au zaidi. Mtu mwenye ulemavu anaweza kuomba hata peke yake. Kikundi kiwe na katiba, usajili, akaunti ya benki na shughuli inayoonekana kwa macho. Maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki, na huyo afisa ndiye wa kuwaelekeza. Barua ya tawi la chama haihitajiki. Narudia: haihitajiki.

(b) *SIDO.* Shirika hili lipo tangu 1973 na lina ofisi kila mkoa wa Tanzania Bara. Wanafundisha usindikaji wa vyakula, utengenezaji wa sabuni, vifungashio na uendeshaji wa biashara, na wana mfuko wa mikopo uitwao NEDF. Anayesindika karanga au viungo nyumbani aanzie hapo, kwa sababu barua ya utambulisho ya SIDO ndiyo inayomfungulia mjasiriamali mdogo mlango wa TBS.

(c) *VETA.* Fundi aliyejifunzia gereji au kwenye cherehani ya shangazi anaweza kupimwa na kupewa cheti kupitia mpango wa kurasimisha ujuzi. Ujuzi unao, karatasi ndiyo huna.

(d) *TIN na jina la biashara.* TIN ya TRA inatolewa bure. Jina la biashara la BRELA lina ada yake, nayo inalipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, ile tunayoiita kontroo namba. Mtu akikuambia "nitumie kwenye namba yangu nitakulipia", jibu ni hapana.

(e) *Zabuni.* Sheria inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa vikundi maalumu vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Siku hizi zabuni hupitia mfumo wa NeST. Shule zinanunua sare, ofisi zinanunua chakula cha vikao, mitaro inazibuliwa. Kikundi cha mafundi cherehani watano waliosajiliwa kina nafasi hapo. Mkopo unakupa deni. Zabuni inakupa mteja. Ajabu ni kwamba kila mtu ananiuliza ya kwanza, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ya pili.

(f) *Kikoba.* Kikoba chenye watu wanaoaminiana ni mtaji wa kwanza kabla ya mtaji wowote. Lakini nacho kisajiliwe, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inakitambua na inakilinda pale mweka hazina anapohama usiku.

(g) *Daftari.* Hili nimeliweka mwisho ili likae kichwani. Mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka halipi kodi ya mapato. Kati ya milioni 4 na milioni 7, asiyeweka kumbukumbu analipa 100,000. Anayeweka kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4. Genge linalouza milioni 5 kwa mwaka, bila daftari ni 100,000. Likiwa na daftari ni 30,000. Daftari la shilingi elfu mbili limekuokolea elfu sabini. Hakuna mkopo unaolipa namna hiyo.

Na zaidi ya kodi, daftari ndilo litakalokuambia kama unahitaji mkopo au unahitaji kuacha kukopesha wateja. Nusu ya wanaoniambia "sina mtaji" nikikaa nao nakuta mtaji upo mtaani, umelala kwenye madeni ya chapati na sigara.

*6. KWA WANAONUNG'UNIKA*

Wanasema: *"Matawi mengine yanafanya, sisi tukae tu?"* Mwizi wa jirani hahalalishi mwizi wako. Matawi hayo yakikamatwa hatutaitwa kugawana nao mahabusu.

Wanasema: *"Vijana wetu walifanya kampeni Novemba, walipwe nini?"* Nawaheshimu vijana. Walitembea juani kwa maji ya kandoro na fulana moja. Lakini kama tunawadaiwa, tuwalipe kwa mali yetu, si kwa hela ya mama wa nyanya. Na tukisema kweli, kijana anayepewa mkopo kama zawadi hataurejesha, kwa sababu zawadi hairejeshwi. Tutakuwa tumemlipa kwa deni.

Wanasema: *"Chama kitafaidika nini?"* Chama kitafaidika siku watu wa mtaa huu watakaposema: ukitaka kuanzisha biashara, pita ofisi ya tawi, utaelekezwa na hutaombwa kitu. Sijui mtaji wa kisiasa ulio mkubwa kuliko huo.

Na wapo wanaosema: *"Katibu anatafuta udiwani, mwaka huu wa uchaguzi."* Sigombei. Andikeni tarehe ya leo, mje mnihukumu Oktoba.

*7. NINACHOFANYA KUANZIA LEO*

Kwanza, kila aliyepokea shilingi 10,000 airudishe kwa mwenyewe, pamoja na nakala ya kitambulisho, kabla ya Jumapili tarehe 26 Januari saa kumi na mbili jioni. Orodha ya waliolipa ninayo na waliopokea nawajua. Sitaji majina leo, kwa sababu ninaowasema ni watu ninaokaa nao meza moja na nataka wapate njia ya kurudi. Jumatatu tarehe 27, ambaye hajarudisha nitampeleka kwenye kikao cha kamati ya siasa ya tawi, na waliotapeliwa nitawasindikiza polisi kama watataka.

Pili, mhuri wa tawi hautagonga karatasi yoyote inayohusu mkopo. Wala saini yangu. Nimeshaombwa mara tatu, mara ya tatu na mtu ninayemwamkia. Nimekataa mara tatu.

Tatu, kuanzia Jumamosi hii tarehe 25, saa kumi jioni, nitakaa nje ya ofisi ya tawi na meza, kalamu na kikokotoo. Aje yeyote, mwenye kadi na asiye na kadi. Alete daftari lake, au kama hana, aje tulianzishe. Aliye kwenye kausha damu aje na karatasi ya mkopo wake tuisome pamoja. Hakuna kiingilio, hakuna soda ya Katibu. Afisa wa kata nimemwomba aje siku moja mwezi ujao, na akinithibitishia nitawatangazia.

Nne, namwandikia halmashauri barua kwa jina langu, si la tawi, kuuliza namna ya kulimaliza lile deni la milioni 2.9 kwa awamu. Wenzangu tisa nitawafuata nyumbani. Dawa ya deni ni kulipa, na siwezi kuwafundisha watu daftari huku langu lina ukurasa nilioufunika.

Mwisho. Kama kikao kitaona nimevunja utaratibu kwa kuyasema haya hapa badala ya ndani, nitaitwa na nitakuja. Kama kitaamua nimekosea, nitakabidhi mhuri, kitabu cha risiti na rejesta ya kadi siku hiyohiyo, vikiwa vimekamilika hadi shilingi ya mwisho. Lakini wale watu 23 watakuwa wamerudishiwa hela yao. Hilo halina kikao.

Taarifa hii isambazwe kama ilivyo, bila kupunguzwa.

Wenu katika ujenzi wa chama,

KATIBU WA TAWI